Tambi za Mboga na Vizuia-oksidisho: Nini Huharibika na Nini Huhama

1. Utangulizi

Katika masoko ya miji mingi ya dunia, tambi za unga mtupu wa ngano zimepata ndugu wa rangi nyingi. Ziko tambi za kijani zilizochanganywa na majani ya spinachi, tambi nyekundu za nyanya, tambi za zambarau za viazi vitamu, na tambi za rangi ya udongo zilizotengenezwa kwa ngano isiyokobolewa. Pakiti zake hunadi sifa moja: kwamba mmea uliotiwa ndani yake ni tajiri wa vile vitu ambavyo Wafaransa huviita antioxydants. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mama mwenye fedha za kuhesabu, husoma sifa hiyo na kuielewa kwa namna yake: mtoto akila tambi za kijani, amekwisha kula mboga.

Makala hii inakusudia kuchunguza kama ufahamu huo ni wa haki. Sifa inayosemwa juu ya mmea ukiwa shambani si lazima iwe sifa ya tambi ikiwa sahanini, kwa sababu kati ya shamba na sahani kuna kusaga, kukanda, kukausha na kuchemsha. Kila hatua ina athari yake, na athari hizo si za aina moja.

Swali hili ni la wanakemia kwanza, lakini lina upande unaowahusu pia wanafunzi wa lugha. Mazungumzo ya kila siku, na hata maandishi mengi ya elimu ya afya, hutumia kitenzi kimoja tu: husemwa kwamba vitamini "hupotea" jikoni. Kitenzi hicho huficha matukio manne yaliyo tofauti kabisa, na anayeyachanganya hufikia mashauri ya makosa. Kwa hiyo makala itaanza na istilahi, kisha itafuata safari ya tambi hatua kwa hatua, itazame namna vipimo vinavyosomwa, na mwishowe irudi kwa mnunuzi na sufuria yake.

2. Juu ya istilahi

Kiswahili kimejaribu njia tatu za kutaja vitu hivi. Njia ya kwanza ni kukopa: antioksidanti. Neno hili ni sahihi, lakini halimwambii kitu msomaji asiyejua asili yake. Njia ya pili ni kupanua maana ya maneno ya zamani: viondoa sumu. Neno hili linaeleweka mara moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Humfanya msikilizaji afikiri kwamba mwilini mna sumu iliyoingia kutoka nje, na kwamba kadiri dawa yake inavyozidi ndivyo afya inavyozidi. Sehemu ya sita itaonyesha kwamba fikira hiyo imekwisha kukanushwa na majaribio. Njia ya tatu ni kueleza kazi ya kitu chenyewe: vizuia-oksidisho. Neno hili ni refu kidogo, lakini halidai zaidi ya linavyojua, nalo ndilo litakalotumiwa hapa.

Oksidisho ni tukio ambalo kila mtu amelishuhudia. Kutu kulayo chuma ni oksidisho. Ndizi iliyomenywa ikageuka rangi ni oksidisho. Mafuta ya karanga yaliyokaa muda mrefu yakapata harufu mbaya ni oksidisho pia. Katika tukio hilo kitu fulani hunyang'anywa elektroni. Zipo chembe ziitwazo radikali huru, ambazo zimebaki na elektroni isiyo na mwenzake na ambazo huichukua elektroni nyingine popote ziipatapo. Anayenyang'anywa huwa mnyang'anyi naye, na mnyororo huendelea. Kizuia-oksidisho ni kitu kinachotoa elektroni yake kwa urahisi bila ya chenyewe kugeuka mnyang'anyi mkali. Kwa hiyo hukata mnyororo.

Katika maelezo haya mafupi kuna jambo ambalo makala yote inalitegemea. Kitu kinachotoa elektroni kwa urahisi kitaitoa pia kwa hewa, kwa mwanga na kwa joto. Sifa inayokifanya kiwe na manufaa ndiyo hiyo hiyo inayokifanya kiwe dhaifu. Hakuna, basi, sababu ya kustaajabu kwamba mapishi huvigusa vitu hivi kuliko yanavyougusa wanga au chumvi.

3. Makundi matatu na maana nne za "kupotea"

Vizuia-oksidisho vya mimea ni vingi sana, lakini kwa mpishi vinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuangalia mahali vinapokaa.

Kundi la kwanza ni la vile vinavyoyeyuka katika maji: vitamini C, antosianini zinazotia rangi ya zambarau katika viazi vitamu, na sehemu kubwa ya zile ziitwazo flavonoidi. Kundi la pili ni la vile vinavyoyeyuka katika mafuta: vitamini E na karotenoidi, kama vile betakarotini ya karoti na luteini ya majani mabichi. Kundi la tatu ni la vile vilivyofungwa kwenye nyuzi za mmea wenyewe. Mfano wake mkuu ni asidi feruli, ambayo katika ngano imeshikamana na kuta za seli ndani ya pumba. Maji peke yake hayawezi kuitoa.

Basi mtu akisema kwamba kitu kimepotea, anaweza kuwa na maana nne. Ya kwanza ni kuharibika: kitu kimevunjika na hakipo tena popote. Ya pili ni kuhama: kitu kipo kizima, ila kimeiacha tambi na kuingia katika maji au mafuta. Ya tatu ni kugeuka: kitu kimekuwa kitu kingine, ambacho huenda kikawa na nguvu zaidi au pungufu. Ya nne ni kufungamana: kitu kingali ndani ya tambi, lakini kimeshikana na protini au wanga hivi kwamba maabara haiwezi kukitoa ili ikipime. Tukio hili la nne lina kinyume chake, yaani kufunguka, ambapo joto huachilia kitu kilichokuwa kimefungwa. Hapo kipimo hupanda baada ya kupika, na msomaji asiye mwangalifu hudhani kwamba moto umeumba kitu kipya.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Kilichohama kinaweza kunywewa, kilichoharibika hakirudi.

4. Safari ya tambi

4.1 Kusaga na kukoboa

Hasara kubwa ya kwanza hutokea kabla ya tambi kuwa tambi. Katika punje ya ngano, polifenoli nyingi, pamoja na asidi feruli iliyotajwa, zimekusanyika katika pumba na katika kiini cha mche. Kinu kinachotoa unga mweupe huondoa vyote viwili. Kiwanda kinachotia kisha majani makavu au unga wa mboga katika unga huo mweupe huwa kinarudisha kwa mkono mmoja sehemu ya kilichotolewa kwa mkono mwingine, ingawa vitu vinavyorudi si vile vile vilivyotoka.

Mboga inayoongezwa nayo ina historia yake. Majani huchemshwa kidogo au kupashwa mvuke, hukaushwa, kisha husagwa. Vitamini C, iliyo dhaifu kuliko wenzake wote, huharibika kwa wingi katika hatua hizo. Ndiyo maana si busara kuitafuta katika tambi kavu ya aina yoyote.

4.2 Kukanda

Unga mkavu umelala. Maji yanapotiwa, vimeng'enya vilivyomo huamka. Wahandisi wa tambi wa Italia wanakifahamu vizuri kimoja kati yao, lipoksijenasi. Tambi za Italia hutengenezwa kwa ngano ngumu, na rangi yake ya manjano inayopendwa na wanunuzi ni rangi ya luteini. Donge likikandwa penye hewa, lipoksijenasi huoksidisha mafuta machache ya unga, na radikali zinazozaliwa katika tukio hilo huiunguza luteini. Rangi hufifia. Wataalamu walipotambua kwamba upotevu mwingi wa rangi hutokea katika dakika za kukanda, walianza kutumia mashine zinazonyonya hewa ili donge likandwe palipo na oksijeni chache. Aidha walichagua aina za ngano zenye kimeng'enya hicho kidogo. Haya yote yalifanywa kwa ajili ya rangi, lakini rangi hiyo yenyewe ni kizuia-oksidisho, kwa hiyo kilichookoa uzuri kiliokoa pia chakula.

Mfano wa pili unatoka Japani, na ni mfano bora wa kitu kugeuka. Tambi za soba hutengenezwa kwa mbegu za mmea uitwao sarrasin kwa Kifaransa, ambao si nafaka ya jamaa ya ngano. Mmea huu una flavonoidi moja maarufu, rutini. Aina yake moja, soba ya Kitatari, ina rutini nyingi mara nyingi zaidi ya soba ya kawaida, lakini ina pia kimeng'enya chenye nguvu, rutinosidasi. Unga wake ukitiwa maji, kimeng'enya hicho huikata rutini kwa muda mfupi sana na kuifanya kwersetini. Kwersetini nayo ni kizuia-oksidisho. Hapo hakuna kilichoharibika. Hata hivyo ladha huwa chungu, hata walaji huiacha sahani. Wazalishaji wa mbegu wa Hokkaido walitafuta aina yenye rutinosidasi kidogo mno, na katika miaka ya 2010 wakatoa aina iitwayo Manten-Kirari, ambayo tambi zake hubaki na rutini bila uchungu.

Kisa hiki kinafundisha jambo moja. Aliyepima rutini peke yake katika tambi za soba ya Kitatari ya zamani angesema kwamba karibu yote imepotea. Aliyepima nguvu ya jumla ya kuzuia oksidisho angesema kwamba nguvu nyingi ingalipo. Wote wawili wangekuwa wamesema kweli, kila mmoja juu ya swali lake.

4.3 Magadi

Tambi za manjano za Kichina, ambazo Wajapani huziita rameni, hutiwa maji yenye kabonati ya sodiamu na ya potasiamu. Chumvi hizo ni jamaa wa magadi wanayoyajua wapishi wa Afrika Mashariki. Hulifanya donge liwe gumu na lenye kuvutika, na huzigeuza flavonoidi za unga, ambazo hazikuwa na rangi, ziwe za manjano. Lakini palipo na magadi polifenoli nyingi huoksidishwa kwa urahisi zaidi, na vitamini C huangamia upesi. Antosianini huonyesha tukio hilo wazi: donge lenye unga wa viazi vya zambarau hubadilika kuwa la buluu au la kijani likitiwa magadi, na rangi hiyo mpya haidumu. Likitiwa kitu kichachu, kama maji ya ndimu, huwa jekundu na hudumu zaidi. Rangi ya tambi, basi, si mapambo tu, ni habari.

4.4 Kukausha na kukaanga

Tambi za Italia zilikaushwa zamani kwa joto la chini, nyuzi 40 hadi 60, kwa muda wa siku nzima au zaidi. Viwanda vya karne ya 20 vilipandisha joto hadi kupita nyuzi 70 na 80, na muda ukashuka hadi saa chache. Joto la juu huwahi kuviua vimeng'enya, jambo lililo jema kwa luteini, lakini huharakisha kuharibika kwa vitu vingine. Isitoshe, huanzisha mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912: sukari na asidi amino hushikana na kuzaa vitu vya rangi ya kahawia, kama vile ganda la mkate. Baadhi ya vitu hivyo huzuia oksidisho katika chupa ya maabara. Kwa sababu hiyo tambi iliyopashwa joto kali inaweza kupata alama nzuri kwenye kipimo, hali polifenoli za mboga iliyotiwa humo zimepungua na sehemu ya protini imepunguziwa thamani.

Tambi za papo kwa papo zina njia nyingine. Tangu Momofuku Ando alipozitoa sokoni huko Japani mwaka 1958, nyingi kati yake hukaushwa kwa kukaangwa katika mafuta yenye joto la takriban nyuzi 140 hadi 160, kwa muda wa dakika moja au mbili. Maji hutoka na mafuta huchukua nafasi yake. Karotenoidi hupatwa hapo na mambo mawili kwa pamoja: sehemu huharibika kwa joto, na sehemu huhamia katika mafuta ya kiwanda, ambayo mlaji hatayaona kamwe.

4.5 Kuchemsha

Hatua ya mwisho imo mikononi mwa mpishi. Tambi inapochemka, wanga huvimba, protini hukaza wavu wake, na sehemu ya vitu vilivyomo hutoka. Vinavyoyeyuka katika maji huhama kwa wingi: antosianini, flavonoidi, na vitamini B zinazowasindikiza. Rangi ya maji ya sufuria ndiyo ushahidi. Karotenoidi, kwa kuwa hazipatani na maji, hubaki zaidi ndani ya tambi. Joto hugeuza sehemu yake tu, umbo lililonyooka la betakarotini likawa lililopinda, ambalo kwa kawaida huleta vitamini A pungufu kuliko umbo la kwanza. Klorofili ya spinachi hupoteza magnesi yake, na kijani kikali huwa kijani cha zeituni. Asidi feruli iliyofungwa katika pumba huweza kufunguka kidogo. Wakati huo huo polifenoli nyingine hufungamana na wavu wa protini.

Matukio haya yote hutokea katika sufuria moja na katika dakika zile zile. Ndiyo sababu tafiti mbili zinaweza kutoa majibu yanayopingana bila ya mtafiti yeyote kuwa mwongo: mmoja alipima antosianini za viazi, mwingine alipima asidi feruli ya pumba.

Kiasi cha kinachohama hutegemea mambo yanayojulikana kwa kila mpishi. Maji mengi huchukua zaidi kuliko maji machache. Muda mrefu huchukua zaidi kuliko mfupi. Tambi nyembamba hutoa zaidi kuliko nene, kwa kuwa uso wake ni mkubwa ukilinganishwa na uzito wake. Wajapani wana desturi ya kunywa maji yaliyochemshiwa soba, waitayo sobayu, mwishoni mwa mlo. Rutini iliyohama hurudi kwa mlaji katika kikombe hicho. Watu walioianzisha desturi hiyo hawakuijua rutini, lakini hawakuyamwaga maji.

5. Kusoma vipimo

Anayesoma makala za kitaalamu juu ya tambi hukutana na tarakimu nyingi, nazo zina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni uzito. Tambi kavu ikichemshwa hunywa maji, na gramu 100 hufikia takriban gramu 200 hadi 250. Ichukuliwe kwa mfano tambi yenye vipimo 10 vya kitu fulani katika gramu 100 kavu. Baada ya kuchemshwa ina gramu 240 na vipimo 6 vilivyobaki. Hasara ya kweli ni asilimia 40. Lakini aliyepima gramu 100 za tambi iliyopikwa atapata vipimo 2.5 tu, na akivilinganisha na 10 vya mwanzo atatangaza hasara ya asilimia 75. Tofauti hiyo yote ni maji. Kwa upande mwingine, anayehesabu kwa uzito mkavu anaweza kudanganyika kinyume: wanga ukitoka kwa wingi katika maji ya sufuria, kilichobaki huonekana kimeongezeka, ilhali hakikuongezeka.

Mtego wa pili ni kipimo chenyewe. Kipimo kinachotumiwa sana ni kile cha DPPH, radikali ya rangi ya zambarau ambayo hugeuka manjano ikipewa elektroni. Ni kipimo cha bei nafuu na chenye manufaa, lakini huhesabu kila kinachotoa elektroni, yakiwemo mazao ya mmenyuko wa Maillard. Hakiulizi elektroni imetoka kwa nani.

Mtego wa tatu ni kuvuka kutoka chupa hadi mwili. Wizara ya kilimo ya Marekani iliwahi kutoa orodha ndefu ya vyakula na nguvu zake za kuzuia oksidisho kwa kipimo kiitwacho ORAC. Mwaka 2012 iliiondoa orodha hiyo, ikieleza kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiitumia vibaya kunadi bidhaa, na kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa tarakimu hizo zinalingana na manufaa mwilini.

6. Kutoka sahani hadi mwilini

Hapa istilahi "viondoa sumu" inadhihirisha madhara yake. Ikiwa vitu hivi ni dawa ya sumu, basi kuongeza ni kuongeza afya. Wazo hilo lilijaribiwa. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutao sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 18 miongoni mwa waliopewa betakarotini. Jaribio jingine kubwa huko Marekani, ambalo wahusika wake walikuwa wavutaji wa sigara, walioacha kuivuta, na wafanyakazi waliowahi kushika asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu ya ishara ile ile. Vidonge hivyo vilikuwa na kiasi kikubwa na vilitolewa kwa watu wa hali maalumu. Havitii hatia mboga za majani wala karoti. Lakini vilionyesha kwamba mwili si chupa ya maabara, na kwamba jina zuri halitoshi kuwa hoja.

Manufaa yenye uhakika zaidi ya karotenoidi ni mengine: mwili huigeuza betakarotini kuwa vitamini A, na upungufu wa vitamini A ni chanzo kikuu cha upofu wa watoto unaoweza kuzuiwa. Hapa hesabu inawezekana. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa Marekani hukadiria kwamba mikrogramu 12 za betakarotini ya chakula huleta mikrogramu 1 ya vitamini A. Makadirio ya zamani yalikuwa 6 kwa 1, yaani yalivipa vyakula sifa mara mbili.

7. Hesabu ya mnunuzi

Sheria ya Marekani inataka tambi inayoitwa ya mboga iwe na angalau asilimia 3 ya mboga kavu. Ichukuliwe tambi ya spinachi iliyotimiza kipimo hicho tu. Sahani ya gramu 80 kavu ina gramu 2.4 za spinachi kavu. Kwa kuwa spinachi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 91, kiasi hicho ni sawa na gramu 27 za majani mabichi, yaani majani machache yanayoenea katika kiganja kimoja. Spinachi mbichi ina takriban miligramu 5 hadi 6 za betakarotini katika gramu 100. Kwa hiyo sahani ingekuwa na miligramu 1.5 hivi kabla ya hasara yoyote. Kwa kanuni ya 12 kwa 1, hizo ni mikrogramu 125 za vitamini A, wakati mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 kwa siku. Mtoto huyo hali gramu 80, na kukausha na kukanda vimekwisha kuchukua sehemu yao. Tambi ya kijani si udanganyifu; ni tambi yenye majani kidogo. Haiwezi kushika mahali pa mboga.

Sehemu za mashariki na kusini za Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, tambi hununuliwa kwa fedha, hali lengalenga, matembele na sombe hupatikana kwa bei ya chini au hulimwa nyumbani. Mama anayetoa fedha zaidi kwa ajili ya pakiti ya kijani, akaacha fungu la lengalenga kwa kuwa "mboga imo tayari ndani", amefanya biashara mbaya, na mwenye kulipa ni mtoto. Fungu la gramu 100 lina majani karibu mara nne ya yale yaliyomo katika sahani nzima ya tambi iliyohesabiwa hapo juu.

Mafuta ya mawese nayo yanastahili kutajwa. Mafuta mekundu ya mawese yana takriban miligramu 500 hadi 700 za karotenoidi katika kilo moja. Kijiko cha gramu 10 kina miligramu 5 hadi 7. Pamoja na hayo, karotenoidi haziingii vizuri mwilini bila mafuta, hivyo kijiko hicho huleta karotenoidi zake na huzisaidia za mboga iliyomo chunguni. Lakini ziko nyumba ambazo mawese hupashwa moto mkali hadi wekundu wake utoweke, ndipo yatumiwe. Wekundu huo ndio karotenoidi zenyewe. Hapo hakuna kilichohama wala kilichofungamana: kimeharibika.

Kutokana na hayo yote yanapatikana mashauri machache kwa anayepika tambi za mimea. Achemshe kwa maji yanayotosha tu, na kwa muda uliotajwa kwenye pakiti bila kuuzidisha. Palipo na rangi iliyotoka katika maji, maji hayo ayatumie kwa mchuzi. Tambi zenye karotenoidi azitie mafuta kidogo. Asiongeze magadi kwa ajili ya kijani. Juu ya yote, aandae mboga pembeni.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba hakuna jibu moja kwa swali la kama mapishi huviondoa vizuia-oksidisho katika tambi za mimea. Vitamini C huharibika, antosianini na flavonoidi huhama, rutini hugeuka, karotenoidi hudumu katika maji na kuteseka katika hewa na joto kali, asidi feruli hufunguka. Kila anayeuliza hana budi kutaja kitu gani, katika hatua gani, na kwa uzito gani.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kusemea mambo haya. Vitenzi kuharibika, kuhama, kugeuka, kufungamana na kufunguka vinajulikana na kila mzungumzaji. Hakuna haja ya kuvikopa wala kuviunda. Kilichokosekana ni desturi ya kuvitumia kwa uangalifu katika maandishi ya sayansi na ya afya, ambamo "kupotea" kimeachiwa kazi yote. Walimu na wanafunzi wanaotafsiri vijitabu vya lishe wanaweza kuanza na badiliko hilo dogo. Mama akiambiwa kwamba vitamini "zimepotea katika maji", atasikitika na kuyamwaga. Akiambiwa kwamba zimehamia katika maji, atatafuta bakuli.